Kidole Kwenye Rangi Mbichi

Alama ya kwanza Kitinda aliikuta siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, alipoamka kutoka usingizi wa mchana. Ilikuwa kwenye shavu la kushoto la picha ya baba yake, pale alipokuwa ameweka rangi asubuhi: kidole gumba, kimekandamizwa hadi kitambaa kikaonekana chini. Alisimama mlangoni na mkono bado uko kwenye kitasa. Kabla hata hajaogopa, alijisikia kama mtu aliyefumaniwa. Alama ile aliijua, alikuwa amekua nayo.

Baba yake alikuwa mchoraji wa sura za watu, na kila mwanafunzi aliyepita kwenye karakana yake alijua utaratibu. Unachora, Mzee anapita nyuma yako polepole, anaguna, na akiona kosa anakandamiza kidole gumba kwenye rangi mbichi, mahali palipoharibika. Haelezi. Pua imerefuka au kivuli kimezidi, hilo utalitafuta mwenyewe na akili zako. Na picha iliyotiwa kidole haikarabatiwi. Inapakwa nyeupe yote, unaanza upya. Kuna vijana wenye vipaji walioacha kazi ile wakaenda kuuza viatu, na mpaka leo wakisikia mtu anaguna kwenye foleni ya benki wanageuka kuangalia. Kitinda, binti yake, ndiye peke yake aliyevumilia hadi mwisho. Tuseme ukweli, si kwamba alikuwa shujaa kuliko wenzake. Alikuwa analala nyumba hiyohiyo, angekimbilia wapi?

Sasa Mzee alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili kaburini, na muda wote huo mlango wa karakana ulikuwa umefungwa.

Tangu mazishi, Kitinda hakuwa amechora uso wa mtu hata mmoja. Aliandika mabango: duka la dawa, kinyozi, shule ya udereva. Herufi hazina macho ya kukutazama. Watu wakimuuliza mbona siku hizi hachori, alijibu kuwa kazi zimembana, na walipoondoka alibaki na brashi mkononi na moyo mzito, kwa sababu kazi hazikuwa zimembana hata kidogo. Kilichombana ni kwamba hakujua tena kama anajua kuchora. Mzee alipokuwa hai, angalau palikuwa na mtu wa kumwambia amekosea. Mtu huyo alipoondoka, kila mstari ukawa una mashaka.

Angeendelea hivyo na mabango yake mpaka azeeke, kama si macho ya mama yake.

Mama alikuwa na presha ya macho. Jicho la kulia lilikwisha kufa zamani, na la kushoto lilikuwa linafunga taratibu kutoka pembeni, mpaka alichobakiwa nacho ni kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Akitaka kuona sahani yake yote, ilibidi azungushe kichwa kama kuku anayemchunguza mdudu. Kaka mkubwa, ambaye alikaa mbali na alikuwa bingwa wa kutoa amri kwa simu, ndiye aliyempeleka kwa daktari mara ya mwisho.

"Kitinda, sikiliza," alisema kwenye simu siku ileile. "Daktari kasema mwezi mmoja. Labda na siku kidogo. Baada ya hapo ni giza."

"Dawa je?"

"Dawa ni za maumivu tu. Sasa bi mkubwa ana ombi, na hilo ombi linakuhusu wewe. Anataka amwone Mzee mara moja tu kabla macho hayajafunga."

Ombi lenyewe lilikuwa gumu kwa sababu moja ya kijinga. Katika nyumba iliyochora sura za watu kwa miaka arobaini, hapakuwa na sura ya mwenye nyumba. Mzee alikataa kupigwa picha. Alikuwa akisema kwamba siku atakayojiona alivyo ataacha kazi, na watu walicheka wakidhani ni mzaha. Picha yake pekee, ya kwenye kitambulisho, ilikwisha kuliwa na jasho la mfuko wa shati, likabaki doa lenye masikio mawili. Uso wake ulikuwa umebaki vichwani mwa watu, na kati yao mwenye mkono wa kuutoa humo alikuwa ni mmoja tu.

Basi Kitinda alifungua karakana. Alifuta vumbi, akafungua dirisha linalotazama ukuta mweupe wa jirani, ambao Mzee aliupenda kwa mwanga wake uliotulia, akatundika kitambaa kipya kwenye stendi. Alichora asubuhi nzima. Ilipofika saa saba alikuwa na shavu, taya na nusu ya paji la uso, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akathubutu kujiambia kuwa si mbaya. Akala, akajinyoosha kwenye mkeka chumbani, kama ilivyokuwa kawaida ya nyumba ile. Alipoamka akakuta kidole.

Hakumwambia mtu. Alichukua kopo la rangi nyeupe akapaka picha yote, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na kesho yake akaanza upya.

Jumatano kidole kilikuwa kwenye taya. Alhamisi kilikuwa kwenye nyusi. Ijumaa aliufunga mlango kwa ufunguo, ufunguo akauvalia shingoni kwa uzi, akalala nao. Aliamka ufunguo uko palepale kifuani, una joto la mwili wake, mlango umefungwa vilevile. Alipoufungua alinusa tapentaini na kitu kingine, harufu ya chumba ambacho mtu ametoka dakika hiyohiyo. Kidole kilikuwa katikati ya mdomo, kimezungushwa kidogo, kama Mzee alivyozungusha alipokuwa amekasirika kweli.

Hapo Kitinda aliogopa. Nywele zilimsisimka, akatoka kinyumenyume hadi uani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akitazama dirisha la karakana kutoka nje, jua linamchoma utosini na yeye anasikia baridi. Lakini niseme na hili, maana bila hili hamtamwelewa: ndani ya hofu ile palikuwa na afueni. Mzee karudi. Mzee anaangalia. Kumbe kweli picha ilikuwa mbaya, na yeye hakuwa mwendawazimu kuishuku. Akaenda kuchukua kopo la nyeupe.

Wiki ya pili ikaenda hivyo, na ya tatu ikaanza. Kitambaa kilizidi kuwa kizito kwa matabaka ya nyeupe, hadi kikigongwa kwa kucha kinalia kama mlango. Kaka alipiga simu kila jioni kuuliza imefika wapi, na kila jioni alijibiwa inaendelea. Mama hakuuliza. Alikaa barazani akichambua nafaka kwa vidole, na siku moja Kitinda aliona amechambua mchele wote na kuuweka mchele kwenye bakuli la takataka na takataka kwenye chungu. Kitinda aligeuza uso asionekane analia, ingawa hapakuwa na wa kumwona.

Siku ya kumi na nane kidole kilikuwa kwenye jicho, na safari hii alishindwa kunyamaza. Alikwenda barazani akaketi miguuni pa mama yake.

"Mama, picha haitaisha."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Baba haitaki." Alipolisema aliona aibu, akaharakisha. "Kila mchana nikilala anaingia, anaitia kidole. Nafunga mlango, anaingia. Sina uwezo, Mama. Hata akiwa kaburini anaona kuwa sina uwezo."

Mama aliacha kuchambua. Alimtafuta kwa lile jicho moja, akapita sikio, akapita shavu, hadi akaupata uso.

"Nani anaingia?"

"Baba."

"Binti yangu," alisema mama, kwa upole kama anavyoambiwa mtoto aliyeota vibaya. "Anayeingia mle ni wewe."

Kitinda alitikisa kichwa kukataa.

"Mimi macho yamekwisha, masikio bado ninayo. Kila siku saa nane na nusu mlango wa chumba chako unalia. Unapita hapa mbele yangu, nakusalimu huitiki. Unafungua kule kwa ufunguo, unasimama kimya muda mrefu, kisha unaguna. Halafu unarudi kulala. Nikadhani ndivyo mnavyofanya kazi nyie."

"Naguna?"

"Kama yeye. Siku ya kwanza nilidondosha kijiko."

Kitinda aliinuka akachukua lenzi ya kusomea ya mama yake kutoka mezani, akaingia karakana. Kidole cha siku ile bado kilikuwa kibichi kwenye jicho la picha. Alikitazama kwa lenzi. Mistari ilizunguka vizuri kama ya kidole chochote, na katikati ilikatwa na mfereji mwembamba wa mshazari. Akageuza mkono wake wa kulia. Kwenye gumba palikuwa na kovu la kisu, alilolipata akikata kitambaa cha fremu, mwaka ambao Mzee alikwisha kuwa mtu wa kitandani. Na kwenye kovu hilo palikuwa na rangi ya kahawia ya jicho. Hakuwa ameiona. Mchoraji kuwa na rangi vidoleni ni jambo la kila siku, nani angehesabu?

Hofu ya kwanza ilikuwa ya mtu kuingia. Hii ya sasa ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa mlango wa kuifungia haukuwepo.

Alijaribu kutolala. Alikunywa kahawa nyeusi hadi moyo ukamdunda masikioni, akakaa kwenye kiti mbele ya picha, macho kwenye saa ya ukutani. Saa nane na dakika ishirini na tano. Aliinama kuokota kitambaa cha kufutia kilichoanguka. Alipoinuka ilikuwa saa nane na dakika hamsini, kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma, na kwenye paji la uso la baba yake palikuwa na kidole. Aliangalia gumba lake. Akalifuta, akalifuta tena, hata ngozi ikawasha.

Jioni ile kaka alipopiga simu, Kitinda alimpa mama aongee naye. Mama alisikiliza kidogo, akasema, "Acha kumsumbua mwenzio, ana kazi," akakata. Kisha akamwambia Kitinda, "Kesho nitakaa mle mimi."

"Utafanya nini, Mama? Huoni."

"Kwani anayeingia anataka kuonwa?"

Kesho yake asubuhi Kitinda alichora kama mtu anayefunga mizigo nyumba inaungua. Hakutafuta ufundi. Alitoa uso wa baba yake kichwani kadiri ulivyokuja, shavu, pua, mdomo, na kufikia saa saba palikuwa na kila kitu isipokuwa macho, na muda wake wa kulala ulikuwa umefika. Mama aliongozwa hadi kwenye kiti kando ya stendi, akapapasa ukingo wa fremu kujua ulipo, akatulia na mikono mapajani. Kitinda alikwenda kujilaza. Alidhani hatapata usingizi.

Aliposhtuka alikuwa amesimama.

Alikuwa mbele ya picha, mkono wa kulia umenyooshwa, gumba liko upana wa unyasi mmoja kutoka kwenye mdomo wa baba yake. Na kifundo cha mkono wake kilikuwa kimeshikwa na vidole vya mama, vikavu na vyenye nguvu ambayo hakuitarajia kwa bibi wa umri ule. Mkono ule ulikuwa unasukuma mbele. Kitinda aliuona ukisukuma, akajaribu kuurudisha, wala haukumtii. Chumba kilikuwa kimya, mwanga wa ukuta wa jirani umejaa kila mahali, hata kivuli hakikuwepo cha kusingizia.

Mama hakuwa anamtazama binti yake. Alikuwa amelielekeza jicho lake juu kidogo, kimo cha mtu mrefu.

"Toa mkono, Mzee," alisema. Alikuwa anaongea kwa sauti ya kawaida ya mke aliyechoka. "Umemfundisha vya kutosha. Mwache mtoto."

Kitinda alihisi koo lake likifunguka. Neno lililotoka lilitoka chini sana, kifuani, kwa sauti nzito isiyokuwa yake, na aliisikia kama mnavyomsikia mtu wa chumba cha pili.

"Bado."

Vidole vya mama havikuachia.

"Bado kwako," alisema. "Ulisema bado miaka arobaini na mimi nikanyamaza. Sasa sina muda wa bado. Nataka kukuona, na huyu ndiye mwenye njia. Toa mkono."

Kisha guno likatoka, la chini, la kinyongo kidogo, na Kitinda hakuwa na hakika limetoka kinywani mwake au kando ya sikio lake. Mkono ukalegea. Ukawa mkono wake tena, mzito, una ganzi, naye akapiga magoti sakafuni na kichwa kwenye mapaja ya mama yake.

Mama alimpigapiga mgongoni mara mbili tatu.

"Haya, inuka. Mwanga unaondoka."

Alichora macho jioni ile, na mama yuko kwenye kiti. Sitawadanganya kwamba mashaka yalimtoka. Yalikuwepo yote, yamejipanga nyuma ya mgongo wake, na kila brashi ilipogusa kitambaa aliyasikia yakivuta pumzi. Mara mbili aligeukia kopo la nyeupe. Mara mbili mama, aliyesikia mfuniko ukiguswa, alikohoa tu. Akarudi kwenye macho. Hakujua anayachoraje. Aliyakumbuka yakiwa juu ya bega lake, miaka mingi, na hakukumbuka hata siku moja aliyoyatazama moja kwa moja, kwa hiyo alichora alichokuwa akikihisi nyuma ya shingo, akakiamini hicho kwa kukosa kingine.

Ilipokaribia saa kumi na mbili aliweka brashi chini.

"Tayari, Mama."

"Imeisha?"

"Sijui. Nimeacha."

Mama aliinuka, akasogezwa hadi pua yake ikakaribia kugusa rangi. Akaanza kutazama kwa lile tundu lake, kipande kwa kipande. Alianzia sikioni, akashuka taya, akacheka kidogo alipofika kidevuni. Akapanda mdomo. Hapo alikaa. Kitinda alikuwa amesimama pembeni na mikono ameikunja kwapani ili isifanye lolote, anahesabu pumzi za mama yake. Pua. Shavu moja, shavu la pili. Halafu kichwa kikapanda tena, taratibu, jicho likafika kwenye macho, likasimama.

Kitinda akaona basi, ameharibu.

"Hajafanana?" aliuliza.

"Mbona umemchora anaogopa?"

Kitinda alisogea kutazama. Hakuwa ameona. Lakini ilikuwa kweli: uso ule mkubwa, wenye taya la amri na mdomo usiosema kitu, ulikuwa na macho ya mtu aliyeitwa mbele ya watu akasahau alichokuwa anataka kusema.

"Nisamehe, Mama. Nitayarekebisha. Sikukusudia kabisa."

"Usiyaguse." Mama alikuwa hajatoa jicho lake pale. Machozi yalikuwa yanamshuka na alikuwa anayafuta haraka, yasimzibie. "Ndivyo alivyokuwa. Kila asubuhi kabla hajaingia humu alikuwa anatapika kule nyuma ya choo. Kila siku iliyokuja, mpaka alipougua. Akiogopa kwamba leo ndiyo siku watu watajua hawezi. Alinikataza nisimwambie mtu, na nyie wanawe hasa. Nikadhani nimeyaona mimi peke yangu macho haya."

Kitinda alisimama bega kwa bega na mama yake mbele ya mtu yule aliyemwogopa maisha yake yote, na kwa mara ya kwanza alimwonea huruma kwa zile asubuhi zote alizokuwa hapo nje peke yake.

Mama alimtazama mumewe hadi chumba kikawa cheusi. Kitinda alipotaka kuwasha taa alimzuia, akasema ameshatosheka, amsaidie tu kufika mlangoni.